Bondia Aliyepimwa kwa Mizani ya Kuuzia

Mimi nikiulizwa nani atashinda, mdomo hujibu kabla kichwa hakijafika. Ni tabia niliyozaliwa nayo. Shule niliachia kidato cha pili, lakini kuota sijawahi kuacha, na ndoto yangu kubwa ni kutangaza ndondi kwenye redio. Kazini, tajiri akitoka kwenda benki, nilikuwa nachukua gorogoro tupu la kupimia maharagwe, naliweka mdomoni, na kutangaza pambano zima, kengele na makofi yakiwemo. Sauti inarudi kwa masikio yako ikiwa nzito, kama ya mtu anayelipwa.

Nafanya kazi katika stoo ya nafaka hapa sokoni Machakos. Nashona magunia, nafagia, nasoma mizani. Na kwa sababu ya mizani, stoo yetu ikawa ndiyo nyumba ya utabiri. Ukumbi wa mji hauna mizani ya kupimia mabondia. Kulikuwa na moja ndogo ya bafuni, mzito mmoja akaikanyaga ikafa. Za bucha ni za kutundika, na mtu hatundikwi. Kwa hivyo kocha wa mabondia wa mji alikuja kuongea na tajiri wetu, na tangu hapo, kila Ijumaa kabla ya ngumi, mabondia hupanda pale pale tunapopandisha mahindi, wamevaa kaptura peke yake, na tajiri huwasoma kama anavyosoma gunia.

"Huyu amekauka vizuri," husema, akimfinya mmoja mkono. "Huyu bado ana unyevu. Muanike."

Soko lote huja kutazama. Kuna desturi ya pale ambayo sijaiona mahali pengine: utabiri unasemwa bondia akiwa juu ya mizani, usoni kwake, akisikia, na yeye haruhusiwi kujibu. Akijibu, wanasema ameogopa. Basi mtu anasimama pale na mbavu zake, anatazama ukuta, na watu wanamwambia ataanguka raundi gani, kwa mkono upi, na atabebwa na nani. Fundi wa viatu anayekaa mkabala na stoo ndiye bingwa wa hiyo kazi. Huyo hutazama miguu tu. "Kisigino kimeisha upande," husema, "huyu hawezi kurudi nyuma," na mara nyingi inakuwa hivyo. Akipatia, wiki nzima anagonga misumari akiimba. Sijawahi kumwona akifurahia ushindi wa mtu yeyote kama anavyofurahia kuwa alisema.

Mimi huwa nachagua yule anayechekwa. Sina sababu ya kitaalamu. Nikiona mtu anachekwa akiwa nusu uchi juu ya chuma baridi, moyo wangu unaruka upande wake, na mdomo unafuata. Karibu kila mara nakosea. Mara moja nilipatia, kijana mwembamba wa Matuu, ambaye fundi alikuwa amemzika akiwa mzima, alipoliangusha jitu, na tangu siku hiyo wakaniita nabii. "Nabii wa stoo, sema! Leo Mungu amekuonyesha nini?" Nami nasema, wanacheka, nacheka nao. Sikuona ubaya.

Ubaya niliuona mwaka jana, kwa jirani yangu.

Namwita jirani kwa sababu tulikuwa tumepanga vyumba vilivyopakana, na yeye aliniita hivyo hivyo. Alikuwa mbebaji wa stoo yetu. Lori likija, ndiye aliyeingia chini ya gunia la mahindi na kutembea nalo kama amebeba mtoto aliyelala. Hata kulitua, alilitua polepole. Asubuhi alikimbia barabara ya kwenda Kola kabla jua halijatoka, akirudi anaoga, anakuja kazini. Vitambaa vyake vya kufunga mikono vilikuwa vinaanikwa kwenye kamba moja na nguo zangu. Alipigana kwa uzani wa chini, na hakuwa mbaya, ila alikuwa wa sokoni, na watu wa sokoni wakishamwona mtu akibeba magunia wanashindwa kumwona kama kitu kingine.

Mwaka huo wakubwa wa kikosi fulani walisema watakuja kutazama ngumi ukumbini. Walikuwa wanatafuta mabondia wa kuandika kazi. Kila mtu alijua maana yake: atakayeshinda uzani ule atavaa sare, atapata mshahara na nyumba yenye maji ndani, na kazi yake itakuwa kupigana. Kwa jirani yangu ilikuwa mara ya mwisho. Umri wao wa kuandika mtu una mwisho, na kwake ulikuwa unaishia mwaka ule.

"Nikipita hapa," aliniambia siku moja tukila muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, kwenye magunia, "mgongo wangu utapumzika. Sitaki kitu kingine. Nataka nilale chali."

"Utapita," nikasema.

"Wewe husema hivyo kwa kila mtu."

"Lakini wewe nasema nikiwa nimekula."

Alicheka mpaka mahindi yakamtoka puani.

Sasa lazima nieleze juu ya mizani. Stoo yetu ilikuwa na mbili, zinafanana kama mapacha. Moja ilikaa mlangoni, ya kununulia. Ya pili ilikaa ndani karibu na mlango wa nyuma, ya kuuzia. Ya kununulia ilikuwa na haya, ilisema kidogo. Ya kuuzia ilikuwa na mdomo. Mkulima angeleta gunia lake likapungua mlangoni, na gunia lile lile likanenepa likitokea nyuma. Sisi tuliofanya kazi pale tulijua na hatukusema, kama vile husemi baba yako anakoroma.

Mabondia walikuwa wakipimwa siku zote kwa ile ya mlangoni. Kwa hivyo jirani alijipima hapo mwezi mzima, kila asubuhi, kabla ya kufungua. Alijua vizuri kwamba inapunguza. Lakini ndiyo ingempima siku yenyewe, basi yeye alijipanga nayo, na ilimwambia yuko ndani ya uzani wake, na kidogo cha kubakisha. Alikula chakula chake bila wasiwasi.

Ijumaa ikafika, na ndengu za Kalama zikafika nayo. Wakulima walikuwa wamevuna, mlango wote umejaa magunia na punda na akina mama wenye leso kichwani, na mizani ya mlangoni haikupumzika. Kocha alipokuja na mabondia wake, tajiri alitazama foleni ile, akatazama mabondia, akasema:

"Leo ingieni huku ndani. Hii iko na kazi."

Nilisikia maneno yale nikiwa na sindano ya kushonea mkononi. Nikamtazama jirani. Alikuwa ameshavua shati, na uso wake ulikuwa umebadilika kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga maji baridi.

Mpinzani wake alipanda kwanza. Alikuwa kijana wa Mavoko, bingwa, amekuja na marafiki wa kumpiga picha, anatafuna chingamu. Alikuwa mwepesi kwa mwili wake wote. Hata mizani yenye mdomo haikupata la kusema juu yake. "Niaje watu wa ndengu," akasema akishuka, na watu wakampenda hapo hapo.

"Huyu hapigwi," fundi wa viatu akatangaza. "Tazama kisigino."

Kisha jirani akapanda. Tajiri akasogeza kijiwe cha mizani, akakisogeza tena, akakigonga kwa kidole.

"Umezidi," akasema. "Kilo moja na kidogo."

Watu wakapasuka kwa kicheko.

"Amekula gunia!"

"Kilo moja ni mate tu, aende ateme!"

"Raundi ya pili, mkono wa kulia," fundi akasema kwa utulivu, akimtazama miguu. "Na kesho atabebwa na mkokoteni, kwa sababu mbebaji ni yeye."

Kicheko kilirudi mara ya pili. Jirani alikuwa ametazama ukuta. Mimi nikasimama, sindano na uzi vikining'inia, na mdomo wangu ukafanya kazi yake.

"Mpeleke kwa ile ya mlangoni!" nikasema. "Kocha, hapa si mahali pake. Mpime kwa ile ya siku zote, iko tofauti!"

Sijui kama umewahi kusikia stoo yenye watu wengi ikinyamaza. Hata ndengu zilizokuwa zinamwagwa ziliacha. Kule mlangoni kulikuwa na nyanya mmoja wa Kalama, mzee, gunia lake limetoka kupimwa, bado ameshika kona yake. Aligeuka polepole.

"Tofauti namna gani?" akauliza. "Kwani ziko mbili na hazisemi kitu kimoja?"

Wakulima wengine wakaanza kusogea. Mmoja alikuwa na fimbo ya punda. Tajiri hakunitazama mimi. Alimtazama jirani, moja kwa moja, na mkono wake bado uko juu ya kijiwe cha mizani. Nilielewa kilichokuwa machoni mwake, kwa sababu hata mimi nilikula kwa mkono ule: mambo ya kesho ni ya Mungu, lakini Jumatatu lori litakuja, na wewe bado utahitaji mtu wa kukupa gunia.

Na jirani, juu ya mizani, akajibu. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho nimesikia bondia akijibu akiwa pale.

"Hakuna tofauti, susu," akasema kwa sauti ya heshima, hivyo ndivyo sisi huita nyanya. "Ni mimi nimekula sana."

Nyanya akasema, "Sawa, mwanangu," akaachilia gunia lake, na foleni ikaendelea.

"Amejibu! Amejibu!" watu wakapiga kelele. "Ameogopa huyo!"

Kocha akampa mpaka adhuhuri apunguze. Wakampeleka nyuma ya stoo, wakamvika magunia ya nailoni yaliyotobolewa shingo na mikono, wakamwambia aruke kamba juani. Soko likamfuata. Mtu akaleta kopo la rangi, wakaliweka mbele yake ateme mate, na kila akitema walishangilia kama ni bao. Midomo yake ikawa nyeupe. Mtoto wa mwenye chai akapita na maji, na mwanamume mmoja akayanywa mbele yake polepole, akisema, "Ah. Matamu haya." Kijana wa Mavoko alitazama kidogo, akaona haya, akaenda kukaa kwenye gari. Huyo hakuwa mtu mbaya.

Mimi nilimfuata jirani na kumwambia, "Kwa nini? Ungesema tu ukweli."

Hakuacha kuruka.

"Ukweli ungefanya nini?" akasema akihema. "Wangemchoma tajiri na stoo yake, na kesho kusingekuwa na ngumi. Na wewe ungekuwa wapi? Rudi ushone."

Adhuhuri alipanda tena. Mizani ilikubali. Uzito wake wa kweli hakuna aliyeujua wala atakayeujua, na nadhani hata bila kuruka alikuwa sawa, lakini hilo ni la mtu mwenye mizani ya tatu. Alishuka akitafuta ukuta wa kushika.

"Sasa si raundi ya pili tena," fundi akasema. "Ni ya kwanza."

"Atashinda!" nikamwambia fundi, kwa nguvu, mbele ya wote. "Kesho utameza misumari yako!" Jirani alinisikia. Aligeuza kichwa akanitazama, na nilidhani ni shukrani.

Usiku nilimsikia kupitia ukuta akinywa maji na kuyatapika. Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wakubwa wa kikosi walikaa mbele, watatu, mashati yamepigwa pasi, mmoja anakula njugu. Kengele ikalia, na nitakueleza kilichotokea kama nilivyokuwa nikitangaza moyoni: bondia wa sokoni akaingia chini ya mkono wa bingwa kama anavyoingia chini ya gunia, akapiga mbavu za kulia, fupi, mara moja, na bingwa wa Mavoko akapiga goti.

Ningependa kusema ukumbi ulilipuka. Haukulipuka. Watu wa Mavoko walinyamaza kwa uchungu, hilo naelewa. Lakini watu wetu walinyamaza pia. Nilitazama nyuso ambazo huniamkia kila asubuhi, na zilikuwa zimekasirika. Walikuwa wameshasema. Walikuwa wamesema mbele za watu, na sasa huyu mtu wa magunia alikuwa anawafanya waongo. Fundi wa viatu alikuwa amesimama, ameshika kiti cha mbele yake. "Inuka!" alikuwa anamwambia bingwa. "Inuka, kijana, inuka!"

Niliruka peke yangu. Nililia peke yangu. Mkubwa mmoja wa kikosi aliacha njugu zake.

Bingwa akainuka. Raundi ya pili jirani bado alikuwa mbele, lakini niliona ulimi wake, mweupe, umeshikana na meno. Kocha alimmwagia maji kichwani, na yeye alifungua mdomo ayapate yanavyoshuka. Raundi ya tatu, katikati ya hatua, shavu la mguu wa kushoto likakaza. Lilikaza kabisa, niliona likijikunja kama kitu chenye uhai wake, na yeye akaangalia mguu wake. Bingwa hakuangalia mguu. Alipiga alichofundishwa kupiga, mbavu zilizoachwa wazi.

Jirani alishuka kwa magoti kwanza, halafu mikono, polepole, na refa akahesabu mpaka mwisho.

"Nilisema!" fundi alipiga makofi. "Nilisema au sikusema?"

"Ulisema raundi ya kwanza!" nikamlilia.

"Nilisema atalala. Amelala."

Sasa ndipo ukumbi ukalipuka. Watu waligongana mikono, wakacheka kwa raha ya kweli, kila mmoja akimkumbusha mwenzake alichosema Ijumaa. Jirani aliteremshwa akiwa ameshikwa kwapa zote mbili, na mtu akapiga kelele, "Leteni mkokoteni!"

Nilimkuta nyuma ya ukumbi, kwenye bomba. Yule mkubwa wa njugu alikuwa amekuja kumwona.

"Raundi ya kwanza ulikuwa mzuri sana," akamwambia. "Mzuri kweli. Rudi mwaka ujao."

"Mwaka ujao umri utakuwa umepita, afande."

"Oh." Akatoa simu yake, akaitazama. "Basi pole." Akaenda kumshika mkono kijana wa Mavoko, ambaye walimwandika siku hiyo hiyo.

Jumatatu lori lilikuja. Jirani alifika mapema kama kawaida, akaingia chini ya gunia la kwanza, na mbavu zikamkatalia. Akajaribu tena. Tajiri alikuwa mlangoni akinywa chai.

"Enda upumzike mpaka upone," akamwambia kwa upole. "Afya kwanza." Na tayari kwenye lori kulikuwa na vijana wawili wapya, nao walikuwa wamekuja na kofia zao za kubebea. Nilingoja tajiri aseme neno moja kuhusu Ijumaa. Hakusema, siku hiyo wala nyingine. Kumshukuru kungekuwa kukubali kwamba kulikuwa na kitu cha kushukuru. Mimi pia hakunifukuza. Alinihamisha tu, nikawa nashona magunia nyuma, mbali na mizani.

Wiki zilipita na mbavu zikapona, lakini vijana wa lori walikuwa wamezoeleka. Jirani akawa anakaa kwenye benchi la chai pamoja na watabiri, anasikiliza. Siku moja kocha alikuja pale. Alikuwa na kijana mpya kutoka Kalama, mwenye mikono mirefu, anayehitaji ushindi wa kuanzia.

"Natafuta mtu wa kumjaribu," akasema, akimtazama jirani. "Kuna nauli na chakula, na kitu kidogo juu yake."

Watu wote pale walielewa mtu wa namna gani anatafutwa. Jirani alisema sawa.

Jioni hiyo tulienda nyumbani pamoja. Mimi nilikuwa nimeshapata furaha yangu tena. Moyo wangu hauwezi kukaa chini muda mrefu. "Utamshangaza huyo mtoto," nikamwambia. "Hawajui wewe ni nani. Ijumaa nitasema mbele ya wote."

Akasimama katikati ya barabara.

"Jirani," akasema. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza. "Wale wakisema nitapigwa, napigwa mara moja. Wewe ukisema nitashinda, napigwa mara mbili. Nakuomba. Ijumaa sema kama watu."

Ijumaa alipanda. Mlangoni kulikuwa wazi, hakuna foleni, na mizani ilimkubali bila neno. Alitazama ukuta. Fundi akatoa yake, na wengine wakafuata, halafu wakageuka wote kunitafuta kule nyuma, tayari kucheka.

"Nabii! Tunakungoja. Huyu naye?"

Nilitoka na uzi wangu. Nilitazama mgongo wake, ule aliotaka upumzike.

"Atapigwa," nikasema. "Raundi ya kwanza."

Wakanipigia makofi. Fundi wa viatu alikuja mwenyewe kunishika mkono, akasema sasa nimekomaa, sasa naona kama mtu mzima. Jirani alishuka, akavaa shati lake, akafunga vifungo kimoja kimoja mpaka juu. Alipopita karibu nami alinitikisia kichwa.

Kesho yake nilikuwa sahihi. Sikuenda ukumbini; ni fundi aliyenikimbilia kunieleza, akiwa na furaha kwa niaba yangu.